Katazo Tupu Halimzuii Kijana

Kauli ya "usivute sigara, wewe bado mdogo" husemwa katika kila nyumba yenye kijana, na msemaji huondoka akiamini ametekeleza wajibu wake. Tunataka kuipima kauli hiyo kwa yaliyojiri Marekani, ambako kampeni mbili za kuwaepusha vijana na sigara zilirushwa katika televisheni kwa wakati mmoja, na athari zake zikapishana kabisa.

Ya kwanza iliasisiwa mwaka 1998 na Philip Morris, kampuni inayotengeneza sigara. Ujumbe wake ulikuwa mfupi: fikiri, usivute. Ya pili, iliyoitwa "truth", yaani ukweli, ilianza mwaka huo huo katika jimbo la Florida, kisha mwaka 2000 ikaenezwa nchi nzima na taasisi ya American Legacy Foundation, iliyoundwa kutokana na suluhu ya mwaka 1998 baina ya makampuni ya tumbaku na majimbo 46.

Kampeni hii ya pili haikumwamrisha kijana. Ilimwonyesha ni nani anayemtega. Katika tangazo moja, vijana walirundika mifuko 1,200 ya kuwekea maiti mbele ya makao makuu ya kampuni ya sigara mjini New York, kuwakilisha roho zinazopotea kwa tumbaku nchini humo kila siku. Nyaraka za siri za makampuni, zilizofichuliwa kwa njia ya mahakama, zilikuwa shahidi: waraka wa Philip Morris wa mwaka 1981 unamhesabu kijana wa leo kuwa mteja wa kesho.

Matokeo yalikuwaje? Florida, kati ya 1998 na 2000, wavutaji miongoni mwa wanafunzi wa shule za kati walipungua kutoka asilimia 18.5 hadi 11.1. Kitaifa, wanafunzi wavutaji walishuka kutoka asilimia 25.3 mwaka 1999 hadi 18 mwaka 2002, na watafiti walikadiria kuwa takriban asilimia 22 ya upungufu huo ilitokana na "truth". Ama kampeni ya Philip Morris, utafiti wa mwaka 2002 ulibaini kuwa vijana walioitazama waliyaonea makampuni ya tumbaku huruma zaidi, na walikuwa wepesi zaidi wa kufikiria kuvuta.

Sababu haiko mbali. Kijana ana hamu ya kuhesabiwa mtu mzima. Ukimwambia sigara ni ya wakubwa, umemfungulia mlango wa ukubwa. Lakini akijua kuwa kuna tajiri anayehesabu faida kutoka katika mapafu yake, ghadhabu ya ujana humgeukia tajiri yule, ikawa ngao.

Hatusemi katazo liondolewe. Tunasema liambatane na hoja, katika mimbari, madrasa na majumbani, na vijana wenyewe wapewe nafasi ya kuwanasihi wenzao. Na kabla ya yote, mzee anayemtuma mwanawe dukani kumnunulia sigara ajiulize anamfundisha nini. Tangazo hilo mtoto hulitazama kila siku, na hakuna kampeni itakayolishinda madhali baba mwenyewe ndiye mtangazaji.