Jikoni Mwetu: Supu ya Kuku na Madonge ya Mchele

Kuku mmoja wa kienyeji na walaji wanane ni hesabu ambayo wengi wetu tunaijua. Baba hupewa firigisi na paja, mgeni hupewa kidari, watoto hugawana mabawa, na mama aliyepika hubaki na shingo na ukoko. Hatusemi baba anyimwe firigisi yake! Ila mama anayenyonyesha naye anahitaji nyama, na mtoto aliyetoka kuugua malaria vivyo hivyo.

Hapa kuna kosa moja lililozoeleka. Mgonjwa hupewa mchuzi mtupu, nyama wakala wazima, kwa kudhani kwamba nguvu zote zimehamia kwenye maji. Mchuzi unapasha mwili joto na unaamsha hamu ya kula, lakini chakula cha kujenga mwili kimebaki kwenye nyama. Basi tuichambue nyama hiyo imfikie kila mmoja, na shibe tuitafute kwenye mchele.

Kwa mama wa Lupiro, ng'ambo ya mto Kilombero ukitoka Ifakara kwenda Mahenge, mchele si wa kutafuta mbali. Hata chenga zinafaa sana kwa kazi hii. Loweka vikombe viwili usiku, asubuhi chuja maji, twanga kwenye kinu na uchekeche.

Kuku mzee ndiye mwenye supu nzuri, lakini usimharakishe. Mkate vipande, mtie sufuriani na maji ya kumfunika na kuzidi, chumvi, kitunguu na tangawizi iliyopondwa. Yakichemka, engua povu, punguza kuni, funika. Mtetea aliyekwisha kutaga miaka miwili huweza kuchukua saa mbili au zaidi. Kuku wa kisasa huiva upesi, ila supu yake ni nyepesi. Aliyekufa kibudu asiingie jikoni kabisa, hata kama roho inauma. Afadhali kuwakinga walio hai: mdondo humaliza banda zima kwa siku chache, na chanjo yake ni tone moja tu jichoni kila baada ya miezi mitatu.

Nyama ikilainika, iopoe, itoe mifupani na uichambue vipande vidogo.

Sasa madonge. Unga wa mchele haunati kama wa ngano. Ukiukanda kwa maji baridi, madonge yatasambaratika na utapata uji wa kuku. Dawa yake ni moto. Tia unga kwenye bakuli na chumvi kidogo, mwagia supu inayochemka kiasi cha kikombe kimoja, kidogokidogo, huku ukikoroga kwa mwiko. Unga uliotwangwa nyumbani una unyevu, hivyo huenda usimalize kikombe. Ukipoa kiasi cha kuvumilika mkononi, kanda mpaka ushikane. Viringisha madonge madogo, kama ncha ya dole gumba, na kila moja libonyeze katikati ili liive mpaka ndani. Wenzetu wa Zanzibar wana vipopoo vyao vya unga, lakini wao huvipika kwa tui la nazi na sukari. Watoto waachieni kazi ya kuviringisha; wataifanya kwa furaha, ingawa ukubwa hautalingana.

Supu iwe inatokota polepole, isifurukute. Dumbukiza madonge machache machache na usikoroge mpaka yaelee. Yaache dakika kumi hivi, onja moja, kisha rudisha nyama, pilipili manga na ndimu. Pakua bakuli zote nane kwa pamoja kabla hujaita watu, na lako likiwemo. Mtoto mdogo mpondee madonge yake kabisa, maana yanateleza na huweza kumkaba.

Yakilala, madonge hunywa supu yote. Asubuhi ongeza maji na chumvi kidogo, yachemshe vizuri, na chai ya siku hiyo haitahitaji kitafunio.