Wazee wanaoishi peke yao wasisahauliwe

Nina dukuduku langu juu ya wazee wetu wanaoishi peke yao vijijini. Mimi ni mkulima wa hapa Mwese, na haya ninayoyaeleza nimeyaona kwa macho yangu, si ya kuambiwa.

Msimu uliopita wa kupalilia, bibi mmoja jirani yangu aliugua homa akalala ndani siku tatu bila mtu kujua. Nyumba yake iko kando ya njia ninayopita kila asubuhi kwenda shamba. Siku ya kwanza niliona mlango umefungwa, nikadhani amewahi kutoka. Siku ya pili nikapita tena. Siku ya tatu mtoto aliyekuwa akitafuta mbuzi ndiye aliyesikia sauti yake ikiomba maji. Tulimpeleka kutibiwa, akapona. Lakini neno aliloniambia nilipokwenda kumtazama limenikaa moyoni. Alisema homa amekwisha izoea. Kilichomtisha ni kusikia nyayo za watu zikipita nje, naye hana nguvu ya kuita. Ndugu Mhariri, nyayo hizo zilikuwa zangu.

Bibi huyo si kwamba hana watoto. Wasomaji wengi wanajua kwamba Mwese, pamoja na wenyeji wake Watongwe na Wabende, ilipokea katikati ya miaka ya 1960 wakimbizi wa Kinyarwanda waliotokea Kongo. Walilima, wakazaa, na mwaka 1980 Serikali yetu ilipowapa uraia Wanyarwanda wapatao 36,000 nchini, wengi wakawa ndugu zetu kabisa. Baada ya mwaka 1994 baadhi ya watoto wao walirudi Rwanda. Wengine, kama wale wa wenyeji, wamekwenda Mpanda mjini, Mwanza na Dar es Salaam kutafuta maisha. Wazee wamebaki na nyumba, migomba na makaburi ya wenzao.

Watoto hao si wabaya. Wengi hutuma fedha kwa simu. Lakini fedha ya simu haichoti maji, haiwashi moto, wala haimwulizi mtu ameamkaje. Mzee asiye na mtu wa kuzungumza naye hupika mara moja kwa siku, kisha huacha kabisa, kwa kuwa chakula cha mtu mmoja hakina hamu.

Kuna na hatari kubwa zaidi. Katika mikoa yetu ya magharibi na kanda ya Ziwa, vikongwe wengi wameuawa kwa kusingiziwa uchawi, eti kwa sababu wana macho mekundu. Macho hayo yamekuwa mekundu kwa moshi wa kuni walizotupikia sisi! Mara nyingi anayesingiziwa ni yule anayekaa peke yake, asiyetembelewa, na ambaye shamba lake linatamaniwa na mtu. Mzee ambaye nyumba yake huingia na kutoka watu kila siku ni vigumu kumzushia uongo, kwani majirani watasema: huyu tunamjua, jana tulikula naye.

Serikali imefanya yake. Tunayo Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003, na wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo wanastahili matibabu bila malipo. Wenzetu wa Zanzibar walianza Aprili 2016 kuwalipa wazee wote wa miaka 70 na zaidi pensheni, wakianzia shilingi 20,000 kwa mwezi, jambo ambalo nasi wa bara tunalitamani. Lakini dirisha la wazee hospitalini halimsaidii mzee asiye na mtu wa kumfikisha dirishani.

Wapo watakaosema upweke ni ugonjwa wa Wazungu. Ni kweli kwamba Uingereza iliteua waziri wa kushughulikia upweke mwaka 2018. Lakini Shirika la Afya Duniani lilitoa taarifa mwaka 2025 kwamba mtu mmoja kati ya kila sita duniani ana upweke, wala halikusema ni Wazungu tu. Zimbabwe, ambao ni Waafrika kama sisi, walianza tangu mwaka 2006 kuwafundisha kina bibi kukaa kwenye mabenchi na kuwasikiliza watu wenye majonzi. Kumbe mzee naye anaweza kuwa tabibu, si wa kuhurumiwa tu.

Kwa hiyo natoa mashauri manne.

Kwanza, kila balozi wa nyumba kumi awe na orodha ya wazee wanaoishi peke yao, na kila mzee apewe majirani wawili wa zamu wa kumbishia hodi asubuhi na jioni. Wateuliwe hadharani, mzee mwenyewe akiwaridhia, ili asijipenyeze mtu mwenye shabaha ya kumnyang'anya shamba.

Pili, wahudumu wa afya wa vitongoji waanzie kwa wazee hao katika mizunguko yao.

Tatu, walimu wawapeleke wanafunzi kwa wazee mara moja kwa wiki. Watachota maji na kufagia uwanja, nao watasimuliwa historia ya Mwese ambayo haimo katika kitabu chochote cha shule.

Nne, kijiji chetu ni kimoja kati ya vijiji vinane vya Wilaya ya Tanganyika vinavyopata fedha za hewa ya ukaa kwa kutunza misitu ya milima ya Ntakata. Fedha hizo zimejenga madarasa na zahanati, na tunashukuru. Naomba mkutano mkuu wa kijiji utenge sehemu ndogo kwa ajili ya wazee: sabuni, blanketi, bati la nyumba inayovuja, na posho kidogo kwa wale wa zamu. Kazi ya kujitolea bila hata sabuni huchosha, na baada ya miezi miwili zamu hufa.

Tukumbuke kwamba Mwalimu Nyerere, katika andiko lake la Ujamaa la mwaka 1962, alieleza kuwa katika jamii yetu ya jadi mzee hakuwa mnyonyaji, maana jasho lake alilitoa ujanani. Wazee hawa ndio walioifyeka Mwese ilipokuwa pori. Sisi tunavuna.

Siku hizi napita kwa yule bibi kila asubuhi. Hainichukui hata robo saa. Juzi nilichelewa, nikamkuta amesimama mlangoni na fimbo yake, akaniuliza kwa ukali kama mimi ni mzima. Nilicheka, kisha nikaona haya, kwani yeye aliona upungufu wangu kwa asubuhi moja, nami sikuuona wake kwa siku tatu.

Mkulima,
Mwese, Wilaya ya Tanganyika,
Katavi.