Lami Si Rangi Nyeusi

Wako watu wasemao kwamba barabara ya lami ni kokoto zilizopakwa weusi, na kwamba amwagaye lami nyingi zaidi ndiye ajengaye vizuri zaidi. Maneno hayo ni ya hasara, wala sioni sababu ya kuyastahi.

Tazama barabara kuu itokayo Nanyuki ikapita Timau, chini ya Mlima Kenya, katika kimo kipitacho mita 2,000. Usiku wa Timau ni wa baridi kali. Kutoka hapo njia hushuka hata Isiolo, mji ulio katika kimo cha mita 1,100 hivi, ambako jua la mchana ni la moto. Lami ina tabia ya nta: baridi huifanya ngumu, joto huilainisha. Iliyo ngumu mno hupasuka Timau. Iliyo laini mno hubonyea Isiolo. Asemaye kuwa kipimo kimoja cha kuchanganya kitafaa huku na huko, na awashonee babu na mjukuu kanzu moja.

Tena kuna mlima wenyewe. Gari liendalo mbio huigusa lami kwa nukta moja tu. Lori lililolemewa, likipanda polepole kuelekea Timau, huikalia. Lami iliyopata joto husukumwa pembeni, na magurudumu huacha mifuo miwili ambayo mvua huigeuza vijito. Basi mteremko hutaka mchanganyiko mgumu kuliko tambarare yenye jua lile lile.

Kipimo kipo, wala si siri. Katika miaka ya 1930 Bruce Marshall, wa Idara ya Barabara ya Mississippi, Marekani, alibuni njia ambayo ingali ikitumika. Hufanywa madonge ya kokoto, mchanga na lami, kila fungu na kiasi chake cha lami. Kwa barabara ya magari mengi, donge hupigwa nyundo mara 75 kila upande, hutiwa katika joto la nyuzi 60, kisha hubanwa mpaka lishindwe. Hapo ndipo uongo wa weusi hufichuka: lami ikizidi, nguvu za donge hupanda hadi mahali fulani, kisha hushuka. Hewa iliyobaki ndani yatakiwa iwe kama asilimia 3 hadi 5. Ikipungua, lami hupanda juu na barabara huteleza. Ikizidi, maji hupenya na kokoto hung'oka.

Hujibiwa kwamba kupima ni gharama. Gharama gani? Madonge machache na siku chache, mbele ya miaka ya ngano na viazi kukwama mashimoni, na mgonjwa kurushwarushwa njiani kwenda hospitali! Fedha hizo ni kodi ya mkulima huyo huyo.

Siku ya kufungua barabara watu huombwa kupiga makofi. Kabla ya makofi, mwananchi wa Timau na aulize: donge la mchanganyiko huu lilibanwa lini, kwa kokoto za machimbo gani, na ndani yake ilibaki hewa kiasi gani?