Kabla Hamjasaini Karatasi ya Mahudhurio: Barua kwa Ndugu Zangu wa Tinde

Sacramento, California

Kwenu wazee wetu, mama zangu, na vijana wenzangu wa Tinde,

Huku watoto wanakua wakijua kwamba kwao ni pale barabara itokayo Nzega inapogawanyika, mkono mmoja ukienda Shinyanga mjini na mwingine Isaka na Kahama.

Naandika kuhusu maji. Mdogo wangu ameniambia kwa simu kwamba watu wa vipimo wamepita tena, wamepigilia vigingi vya bomba jipya la maji, na kwamba utaitishwa mkutano ili wananchi watoe maoni kuhusu mazingira. Akaniambia pia kuwa wengi hawana mpango wa kwenda, kwani mikutano ya aina hiyo ni ya kusaini karatasi ya mahudhurio, kunywa soda na kurudi nyumbani. Maneno hayo yamenikosesha usingizi. Nawaomba mwende, na nitawaeleza kwa nini nang'ang'ania hivyo nikiwa mbali namna hii.

Hapa ninapoishi kuna mto uitwao Sacramento. Unateremka kutoka milima ya kaskazini, unafika kwenye eneo la visiwa na mifereji linaloitwa Delta, kisha unaelekea baharini kupitia ghuba ya San Francisco. Serikali ya jimbo inataka kuchimba handaki chini ya Delta hiyo, urefu wake kilomita 72, upana wa ndani mita 11. Maji yachotwe mtoni karibu na kijiji cha Hood, yapite chini ya ardhi, yaende kusini kwenye mashamba makubwa na miji, Los Angeles ikiwamo. Makadirio ya mwaka 2024 yanasema litagharimu dola bilioni 20.1.

Rasimu ya ripoti ya mazingira ilitolewa Julai 2022, na wananchi wakapewa hadi katikati ya Desemba waisome na kuijibu. Zikaja barua zaidi ya 700, zenye hoja zaidi ya 7,000. Sheria ya huku inaibana idara ya maji ijibu kila hoja ya msingi kwa maandishi, na majibu hayo yamo ndani ya ripoti ya mwisho iliyoidhinishwa Desemba 2023. Aliyeandika anaweza kuifungua, akatafuta barua yake, akaona alijibiwa nini. Wasioridhika walikwenda mahakamani mwezi uliofuata.

Nimepita mara nyingi barabara ya juu ya tuta la mto kati ya Freeport na Courtland. Ni nchi ya mapeasi. Miti imepandwa kwa mistari hadi chini ya tuta, na kwenye uzio wa mashamba kuna vibao vya kupinga handaki. Vingine vimekaa mpaka jua limekula rangi, maana mradi huu una historia ndefu: ulikuwa wa mahandaki mawili hadi mwaka 2019, gavana Newsom alipotaka liwe moja. Mkulima mmoja anayeuza matunda kando ya barabara aliniambia kwamba ripoti yote hakuisoma na hataisoma, ni maelfu ya kurasa. Alisoma sura ya chumvi. Mto ukipungua nguvu, maji ya bahari hupanda Delta na kuharibu mashamba, na pampu yake iko pale. Aliandika barua ya kurasa mbili kuhusu pampu yake, basi.

Msidhani watu wa huku walizaliwa na ustaarabu huo. Wameufikia kwa kuumia. Mwaka 1913 jiji la Los Angeles lilifungua mfereji wa kilomita zipatazo 375 kutoka bonde la Owens, ukipenya milima kwa handaki la Elizabeth lenye urefu wa kilomita 8 hivi. Hapakuwa na sheria ya kutaka ripoti yoyote. Wenyeji wa bonde, Wapaiute, walikuwa wamechimba mifereji yao ya kumwagilia kabla mlowezi hajafika, lakini hakuna aliyewauliza. Katika miaka ya 1920 ziwa Owens likakauka, na kitako chake kikawa kinapeperusha vumbi baya ambalo jiji limetumia zaidi ya dola bilioni 2 kulituliza. Sheria ya jimbo ya tathmini ya mazingira ilikuja mwaka 1970. Miaka miwili baadaye wilaya ya Inyo, ya bonde hilohilo, iliishtaki Los Angeles kwa kunyonya maji ya chini ya ardhi, na mahakama ikataka ripoti iandikwe. Ilikuwa miaka 59 tangu maji yaanze kuondoka.

Sasa nawaomba mnivumilie. Tukisikia habari hiyo, sisi wa Tinde huwaonea huruma watu wa bondeni na kujiona tuko upande wao. Tumezoea kuwa watu wa kunyimwa. Lakini katika habari ya maji ya Ziwa Victoria, sisi si watu wa bondeni. Sisi ndio Los Angeles.

Maji yanayofika kwenye vilula vyetu yanachotwa Ihelele, wilaya ya Misungwi. Yanasafishwa palepale, yanasukumwa hadi kwenye tangi la kilima cha Mabale, halafu yanateremka yenyewe kuelekea Solwa, ambako njia zinaachana: Shinyanga, Kahama, na baadaye likaunganishwa bomba la Nzega, Igunga na Tabora, ambalo nalo limetupatia maji sisi na wenzetu wa Shelui. Chanzo kile kilijengwa kikiwa na uwezo wa kutoa mita za ujazo 80,000 kwa siku. Na maji yakishatumika Tinde hayarudi ziwani. Ardhi yetu inamwagia Manonga, Manonga inaingia Wembere, Wembere inaelekea Kitangiri na Eyasi. Tone lililokuwa la mto Naili likifika kwetu limehama bonde moja kwa moja.

Ndiyo sababu Misri ilipiga kelele mwaka 2004. Ilishikilia makubaliano ya mwaka 1929, ambayo Mwingereza aliyaweka kwa niaba yetu bila kutuuliza, kwamba pasijengwe kitu kwenye Naili au maziwa yake bila ridhaa ya Cairo. Mwalimu Nyerere alishayakataa mwaka 1962. Tanzania ikajenga kwa fedha zake yenyewe, na mwaka 2009 mradi ukazinduliwa. Mwaka 2010 nchi yetu ilikuwa miongoni mwa zilizosaini mkataba mpya wa Naili wa Entebbe, ulioanza kutumika Oktoba 2024. Mimi niko upande wa Mwalimu kwa asilimia mia. Kama ni wingi wa maji, kipimo cha Ihelele hakifiki hata mita moja ya ujazo kwa sekunde, wakati Naili inatoka Jinja na mita zinazozunguka elfu moja. Handaki la huku California, likichota kwa nguvu zote, litachukua mita 170 kwa sekunde. Atakayewaambia kwamba Tinde itakausha ziwa, mkatalieni.

Wala sisemi tuone aibu kunywa. Nimechota maji kwenye mchanga wa mto mkavu mwezi wa kumi. Mama anashuka shimoni hadi kichwa kinapotelea, anachota kwa kata, anangoja maji yajikusanye tena, anachota, na juu yake kuna foleni ya madumu na mbuzi wanaolia. Mtu aliyepita pale hawezi kuandika barua ya kupinga bomba. Ninachosema ni kwamba anayepokea ana wajibu wa kuuliza, na sisi hatujauliza vya kutosha.

Tuanze na Ihelele kwenyewe. Wavuvi na wakulima wa pale wanaishi na pampu na eneo la hifadhi ya chanzo ambamo kuna mambo hawaruhusiwi kuyafanya. Je, wao wana maji ya bomba saa zote? Walipewa nini kwa ardhi iliyochukuliwa? Ziwa nalo linapokea maji taka ya Mwanza, magugu maji yamelisumbua tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, na ukanda wetu wa dhahabu, kuanzia Geita hadi Kahama, una wachenjuaji wadogo wanaokamatisha dhahabu kwa zebaki na kumwaga marudio karibu na vijito. Kila bomba jipya linaongeza watu wanaotegemea shingo ileile moja ya ziwa. Ripoti ya mazingira inayoanzia kwenye kigingi cha kwanza cha Tinde na kusahau kilicho nyuma ya kigingi hicho ni nusu ripoti.

Halafu kuna jambo ambalo kwa maoni yangu ndilo kubwa kuliko yote, na halina msemaji: maji yakishatumika yaende wapi? Tunaleta maji kwa maelfu ya lita mahali ambapo udongo wa mbuga haunywi. Mnaijua mbuga yetu, ikilowa inashika mguu mpaka kandambili inabaki. Hatuna mtandao wa maji taka. Maji ya kufulia, ya kuogea, ya mama lishe wa stendi na ya gereji za malori yanayokwenda Rwanda na Burundi yatatuama nyuma ya nyumba, yataingia vyooni, vyoo vitajaa. Mbu na kipindupindu havingoji awamu ya pili ya mradi. Kaangalieni kama ripoti ina sura ya majitaka, na kama ipo, ina bajeti au ina maneno matupu.

Na malambo? Bomba likifika, lambo linaachwa. Tope linajaa, ng'ombe wanalikanyaga, hakuna wa kulizibua. Siku umeme wa Ihelele ukikatika au bomba likipasuka, hatutakuwa na bomba wala lambo. Wazee wanakumbuka hii nchi ilivyokuwa kabla mradi wa hifadhi ya ardhi wa HASHI haujaanza mwaka 1986: miti ilikwisha, kwanza kwa kampeni za mkoloni za kufyeka ili kuua ndorobo, kisha kwa pamba na mifugo. Ngitili, yale malisho yetu ya akiba, hazikurudishwa na mtaalamu peke yake. Zilirudi kwa sababu dagashida, baraza letu la jadi, ilikaa, ikapanga nani achunge wapi na mvunjaji alipe nini. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikuwa zimeshapita hekta 300,000 mkoani. Watu wenye historia hiyo hawawezi kuambiwa kwamba tathmini ya mazingira ni elimu ya watu wa Dodoma. Mtaro wa bomba ukipangwa kupita ndani ya ngitili ya mtu, mwenyewe ajue kabla katapila halijafika.

Sheria tunayo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka mradi mkubwa ufanyiwe tathmini kabla ya kuanza, wanaoguswa washirikishwe, NEMC, baraza la taifa la mazingira, ichambue, ndipo kitoke cheti. Tatizo letu ni kuchelewa. Mkataba wa bwawa la Nyerere kule Rufiji ulisainiwa Desemba 2018. Mwaka uliofuata shirika la IUCN likachambua tathmini ya kimkakati na kusema haikufikia viwango. Maneno yale hayakuwa na pa kwenda. Novemba 2020 mto ulishageuzwa, unapita kwenye handaki. Nafurahia umeme wa Rufiji kama Mtanzania yeyote, lakini huo si utaratibu. Jirani zetu wa Kenya nao walichimba handaki la kilomita 11.8 huko Murang'a ili kupeleka maji ya mito Maragua, Gikigie na Irati kwenye bwawa la Ndakaini kwa ajili ya Nairobi. Mjadala mkubwa, ule ambao mwanasiasa Raila Odinga alidai nchi ya chini itageuka jangwa, ulilipuka mwaka 2015, mkandarasi akiwa ameshapatikana. Serikali ikakanusha, kila upande ukashika lake, na mwananchi wa Murang'a akabaki kusikiliza wakubwa wakigombana juu ya mto wake.

Hata cheti kikishatoka, kazi haijaisha. Novemba 7, 2022, ukuta wa bwawa la mabaki ya mgodi wa almasi Mwadui ulibomoka na tope likaingia kwenye makazi na mashamba ya jirani. Ni mwendo mfupi kutoka kwetu. Kwa hiyo mkiwa mkutanoni ulizeni nani atarudi kukagua, baada ya miaka mingapi, na taarifa yake itabandikwa wapi.

Ninachoomba sasa ni hiki. Mwenyekiti wa kijiji na mtendaji wa kata waandike barua leo kuomba nakala ya rasimu, siyo muhtasari wa kurasa tatu. Ikiwa ni ya Kiingereza, waombe sura zinazohusu chanzo, majitaka, njia ya bomba na fidia zitafsiriwe, na siku ya mkutano awepo wa kuzieleza kwa Kisukuma, kwa kuwa bibi zetu ndio wanaojua kila kisima cha mchangani kilikojificha. Akina mama wasiwekwe nyuma ya ukumbi. Maoni yaandikwe kwenye muhtasari wa mkutano pamoja na jina la aliyesema, usomwe kwa sauti kabla ya kufungwa, ndipo karatasi ya mahudhurio ipite.

Mkiipata nakala, ipigeni picha ukurasa kwa ukurasa mnitumie kwa WhatsApp, hata kama ni kurasa mia tatu. Huku wapo Watanzania wenzetu wanaofanya kazi za maji, nimeshazungumza nao, wamekubali. Tutagawana sura, tutasoma usiku baada ya kazi, na maswali yatakuwa mikononi mwenu kwa Kiswahili wiki moja kabla ya mkutano. Mdogo wangu ana namba yangu.

Wenu,
Binti wa Tinde