Mzee aliyetokea dirishani

Mzazi mwenzangu, Jumamosi watoto walipolala nilikaa na baba yangu kutazama filamu ya Uswidi ya mwaka 2013, kuhusu mzee wa miaka 100 aliyeruka dirisha akatoweka. Maandishi ya chini ni ya Kiingereza, kwa hiyo nilikuwa namtafsiria.

Allan Karlsson anaishi kwenye nyumba ya wazee. Siku ya kutimiza miaka 100, wahudumu wakihangaika na keki, yeye anafungua dirisha na kwenda zake. Kituo cha basi kijana anamwomba amshikie sanduku. Basi linafika, mzee anapanda nalo. Ndani kumejaa fedha! Mbele ya safari anaongezeka tembo. Katikati tunaonyeshwa ujana wake, alivyokula na Franco, Truman na Stalin. Robert Gustafsson aliyemwigiza hakuwa hata na miaka 50. (Wadogo wasiitazame. Kuna baruti, na watu wanakufa kwa mzaha.)

Pale dirishani baba aliniambia nirudishe. Akacheka, kisha akauliza, "Hiyo keki, kuna aliyemuuliza kama anaitaka?"

Nilinyamaza. Mwezi ujao anatimiza 80. Tumeshalipia ukumbi, na fulana zenye picha yake zimechapwa.

"Na wewe baba, ungetaka nini?"

"Kwenda Lushoto kumwona rafiki yangu. Kwa basi. Peke yangu."

Ana kisukari, na kutoka Dar ni safari ya kutwa. Jumatatu nilikwenda kukata tiketi. Nilikata mbili.