Kobalti yetu haiko ya mabateri tu

Kila mara tunapozungumuza juu ya kobalti ya Lualaba na Haut-Katanga, tunazungumuza mabateri. Ni kweli: inchi yetu inatosha zaidi ya 70 kwa mia ya kobalti ya dunia, na sehemu kubwa inaenda mu mabateri. Lakini kuko kazi ingine, ya zamani, na sisi wenye udongo hatuisikie sana: kobalti ni katalizeri.

Katalizeri ni kitu gani? Ni sawa mupatanishi wa ndoa. Anaunganisha jamaa mbili, ndoa inafungwa, naye anarudi kwake muzima. Katalizeri vilevile inaharakisha kazi ya kimia, lakini yenyewe haimalizikie mule ndani.

Mu mwaka wa 1925, Franz Fischer na Hans Tropsch, kule Ujerumani, walifungua njia ya kugeuza gazi mbili, hidrojeni na monoksidi ya kaboni, kuwa mafuta ya motere. Mu viwanda vyao vya kwanza, kobalti njo ilifanya ile kazi. Wakati ule gazi ilitoka mu makaa ya mawe. Leo inaweza kutoka mu mabaki ya miti, ya mashamba, ao mu takataka za muji. Hata wanapogeuza mafuta ya kukarangia yaliyokwisha kutumika kuwa mafuta ya ndege, wanatumia nikeli ao kobalti pamoja na molibdeni. Na soko linakuja: Umoja wa Ulaya umeamuru mafuta ya ndege yawe na sehemu safi ya 2 kwa mia tangu 2025, 6 kwa mia mu 2030, na 70 kwa mia mu 2050.

Tusijidanganye. Kazi hii haiombi kobalti mingi, haitachukua nafasi ya mabateri. Faida yake haiko mu uzito, iko mu mayele: kutawanya kobalti vipande vidogo sana juu ya alumina, na kusafisha gazi mbele, maana sulfuri kidogo tu inaua katalizeri. Mwenye kuuza mufuko wa muhindi na mwenye kuuza bukari ku sahani hawapate faida moja.

Na sisi tunauza nini? Zaidi sana hidroksidi, yenye kuenda kusafishwa ngambo. Kumbe zamani Luilu na Shituru zilitosha kobalti ya metali!

Mu Februari 2025 Serikali ilifunga njia ya kobalti kutoka inchini, kiisha tangu Oktoba ikaweka kota. Bei ilipanda, na tunashukuru. Lakini kota inalinda bei, haifundishe mutoto kimia. Tunaomba mambo mawili. Kampani yenye kupewa kota ionyeshe kiasi gani inasafisha hapa kwetu. Na sehemu ya mafranga ya kobalti iende mu laboratwari za Université de Lubumbashi, wanafunzi wajifunze kutengeneza katalizeri kwa mikono yao.

Leo kuko mabateri ya chuma na fosfati yasiyo na kobalti hata kidogo. Tukingoja mpaka wanunuzi wapunguke, tutabakia na mashimo. Tuanze kusomesha watoto wakati mafranga ingaliko.