Upandikizaji figo: Kisu kimefika Muhimbili, utafiti nao ufike Kasansa

MKULIMA wa mpunga wa Kasansa anapoambiwa kuwa figo zake zote mbili zimeshindwa kazi, hesabu ya kwanza anayoipiga huenda isiwe ya fedha, bali ya umbali. Kata hiyo imo katika Halmashauri ya Wilaya ya Mpimbwe, mkoani Katavi, upande wa Bonde la Ziwa Rukwa. Ili afike Mpanda, makao makuu ya mkoa, njia kuu inamtaka akatize katikati ya Hifadhi ya Taifa ya Katavi. Na ili afike Dodoma au Dar es Salaam, ambako figo hupandikizwa, inambidi aongeze safari ya mamia ya kilomita.

Kwa mtu wa namna hiyo, habari za upandikizaji wa viungo zinaweza kuonekana kama hadithi za watu wa mjini. Ndugu zake watamwambia kwa huruma kuwa jambo hilo haliwezekani. Neno hilo, "haiwezekani", lina historia ndefu katika taaluma hii, na ni vyema tukaitazama kabla ya kuamua kama tulikubali au tulikatae.

Mwaka 1950, mwanafunzi wa udaktari aitwaye Roy Calne, katika Hospitali ya Guy's jijini London, alikabidhiwa kijana wa rika lake aliyekuwa akifa kwa ugonjwa wa figo. Daktari mkuu aliwaeleza wanafunzi kuwa mgonjwa huyo angefariki dunia katika muda wa wiki mbili, hivyo kazi yao ilikuwa kumfariji tu. Calne akauliza iwapo kijana huyo hawezi kupewa figo nyingine. Akajibiwa kuwa haiwezekani.

Calne, ambaye alikuja kuwa Profesa wa upasuaji katika Chuo Kikuu cha Cambridge kuanzia mwaka 1965 hadi 1998, alifariki dunia Januari 6, 2024 akiwa na umri wa miaka 93. Maisha yake yote ya utafiti yalikuwa jitihada ya kulijibu jibu lile. Na kwa Tanzania, ambayo ilianza kupandikiza figo mwaka 2017, kuna funzo kubwa katika namna alivyolijibu.

Jambo la kwanza ambalo msomaji anapaswa kulielewa ni kuwa kikwazo hakikuwa kisu. Namna ya kuunganisha mishipa ya damu ilikuwa imeshajulikana tangu mwanzoni mwa karne ya 20, na Mfaransa Alexis Carrel alipata Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo mwaka 1912. Desemba 1954, Dk. Joseph Murray na wenzake mjini Boston, Marekani, walifanikiwa kuhamisha figo kutoka kwa mtu mmoja kwenda kwa pacha wake anayefanana naye kabisa. Figo ile ilikubalika kwa sababu mwili wa mgonjwa haukuiona kuwa kitu kigeni.

Kwa wagonjwa wasio na mapacha, hali ilikuwa tofauti. Kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupambana na vijidudu, iliishambulia figo mpya kana kwamba nayo ni ugonjwa. Upasuaji ulikwenda vizuri, figo ikaanza kufanya kazi, kisha baada ya siku au wiki chache ikakataliwa.

Hapo ndipo Calne alipoelekeza nguvu zake. Akiwa bado daktari kijana, alijaribu kwa mbwa dawa iliyokuwa ikitumika kutibu saratani ya damu, akaona kuwa inachelewesha mwili kuikataa figo. Mwaka 1960 alichapisha matokeo hayo, akaenda Boston kufanya kazi na Murray, na huko wakafikia dawa iliyo bora zaidi, azathioprini. Kuanzia mwaka 1962 dawa hiyo iliwawezesha wagonjwa kuishi na figo za watu wasiokuwa mapacha wao.

Hata hivyo, mafanikio hayo yalikuwa nusu. Kwa miaka mingi takriban nusu ya figo zilizotolewa kwa marehemu zilipotea katika mwaka wa kwanza. Mwaka 1968 Calne alifanya upandikizaji wa kwanza wa ini barani Ulaya, lakini aliendelea kutafuta dawa. Mwaka 1978 alikuwa wa kwanza kutumia kwa binadamu dawa ya siklosporini, iliyotokana na kuvu wa udongoni. Majaribio ya awali yalionyesha kuwa dawa hiyo, ikizidishwa kipimo, huidhuru figo ileile inayotakiwa kulindwa. Ilibidi vipimo virekebishwe na wagonjwa wafuatiliwe kwa karibu. Baada ya hapo upandikizaji ulitoka katika hali ya majaribio na kuwa tiba ya kawaida.

Kutoka swali la mwaka 1950 hadi siklosporini ni miaka 28. Sehemu kubwa ya miaka hiyo haikwenda katika kujifunza kukata na kushona, bali katika kutafuta kitakachomwezesha mgonjwa kuishi na figo ya mwenzake baada ya jeraha kupona.

Tuirudie sasa Tanzania. Novemba 2017, Hospitali ya Taifa Muhimbili, kwa kushirikiana na wataalamu kutoka India, ilifanya upandikizaji wa kwanza wa figo nchini. Mwaka uliofuata, Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma nayo ilianza, ikisaidiwa na wataalamu kutoka Japan. Kabla ya hapo mgonjwa alilazimika kupelekwa nje ya nchi, hasa India, kwa gharama kubwa, yeye pamoja na ndugu aliyejitolea kumpa figo. Hayo ni mafanikio ambayo Watanzania wana haki ya kujivunia.

Lakini swali la kujiuliza ni hili: je, tumechukua upandikizaji mzima, au tumechukua ile sehemu ambayo dunia iliijua kabla ya Calne?

Mgonjwa aliyepandikizwa figo hutakiwa kumeza dawa za kutuliza kinga kila siku, na kwa kawaida ataendelea nazo kwa muda wote ambao figo hiyo itafanya kazi. Dawa hizo zikipungua mwilini, figo inakataliwa. Zikizidi, zinamdhuru na kumwacha wazi kwa maradhi mengine. Ndiyo maana damu yake hupimwa mara kwa mara, kujua kiasi cha dawa kilichomo na hali ya figo yenyewe.

Sasa tumchukue mkulima wetu. Tuseme amepata bahati, ndugu yake amejitolea, upasuaji umefanikiwa, naye amerudi Kasansa. Ni nani atakayempima damu wakati wa masika barabara zikiharibika? Dawa zikimwishia, atazipata wapi? Zahanati ya kijijini ikimpa dawa ya ugonjwa mwingine, nani atajua kama inapatana na zile anazomeza?

Swali hilo la mwisho si la kubuni. Rifampisini, dawa muhimu katika matibabu ya kifua kikuu, hushusha kwa kiasi kikubwa kiwango cha siklosporini na cha takrolimasi katika damu. Baadhi ya dawa za kupunguza makali ya virusi vya Ukimwi hufanya kinyume chake, hupandisha kiwango hicho hadi cha hatari. Katika nchi ambayo kifua kikuu na Ukimwi bado ni maradhi ya kawaida, mgonjwa anaweza kutibiwa kwa nia njema katika kituo cha karibu na kuipoteza figo aliyopewa na ndugu yake. Hapo wanakuwa wameumia watu wawili, aliyepokea na aliyetoa.

Vitabu vya Cambridge na Boston haviwezi kutumalizia tatizo la namna hiyo, kwa kuwa waandishi wake hawakuishi nalo kama tunavyoishi nalo sisi. Barani Afrika yupo aliyelielewa hilo mapema. Mwaka 2008, Dk. Elmi Muller, daktari bingwa wa upasuaji katika Hospitali ya Groote Schuur, Cape Town, alianza kuwapandikiza watu wanaoishi na virusi vya Ukimwi figo zilizotolewa kwa marehemu waliokuwa na virusi hivyo. Wakati huo wagonjwa wa namna hiyo walikuwa wakinyimwa hata huduma ya kusafishwa damu katika hospitali za umma za Afrika Kusini. Figo za watoaji hao nazo zilikuwa zikitupwa.

Wako waliomwona kuwa anavuka mipaka. Yeye aliweka kumbukumbu. Mwaka 2015 yeye na wenzake walichapisha matokeo ya wagonjwa 27. Asilimia 84 walikuwa hai baada ya mwaka mmoja, na asilimia 74 baada ya miaka mitano. Marekani, ambayo sheria yake ilikataza upandikizaji wa aina hiyo, iliibadilisha mwaka 2013 ili kuruhusu utafiti.

Muller hakuwa na hospitali tajiri kuliko za Ulaya. Alichokuwa nacho ni swali lililotokana na wagonjwa waliokuwa mbele yake, na daftari la matokeo lisiloficha kitu. Calne naye alianza hivyo hivyo, kando ya kitanda cha kijana mmoja.

Tanzania inaweza kuanza na hayo mawili. Kwanza, iwepo rejista moja ya taifa ya kila aliyepandikizwa figo na kila aliyetoa, ikionyesha anaishi wapi, anatumia dawa gani na figo ina hali gani baada ya mwaka mmoja, mitano na kumi. Pili, hospitali za rufaa za mikoa, ikiwemo ya Katavi, zipewe uwezo wa kufuatilia wagonjwa hao, na daktari wa Mpanda awe na njia ya kuwasiliana na bingwa wa Muhimbili au Dodoma kabla ya kuandika dawa. Tatu, Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote iliyopitishwa mwaka 2023 ipimwe kwa namna itakavyomhudumia mgonjwa wa maisha, si kwa siku ya upasuaji pekee.

Aidha, rejista hiyo itakuwa ngao dhidi ya biashara ya viungo. Mwaka 2025 majirani zetu wa Kenya walilazimika kuunda kamati ya kuchunguza tuhuma za biashara ya figo mjini Eldoret. Panapokosekana kumbukumbu, maskini hugeuzwa bidhaa.

Wapo watakaosema kuwa fedha hizo ni bora zitumike katika kinga. Hoja hiyo ina uzito, kwani shinikizo la damu na kisukari, ambavyo huharibu figo za watu wengi, vinaweza kugunduliwa katika zahanati kwa vipimo vya bei nafuu. Lakini mawili haya hayagombani. Mhudumu wa Kasansa atakayefundishwa kupima mkojo na shinikizo la damu, na kuandika matokeo, ndiye huyo huyo atakayemfuatilia aliyepandikizwa.

Mwaka 1950, aliyemjibu Calne kuwa haiwezekani alikuwa anasema ukweli wa siku ile. Leo tukimjibu hivyo mkulima wa Kasansa hatutakuwa na udhuru huo. Dawa ipo, na madaktari wetu wameshathibitisha kuwa mikono yao inaweza. Kilichobaki ni kumfuata mgonjwa hadi nyumbani kwake, na kuandika tunachokiona huko.